Boti ya Kijivu Uani kwa Mzee Salim

Naitaka ile boti. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa asubuhi hii, kwa sababu mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada alizozihangaikia na goti linalotabiri mvua, anatarajiwa kutaka vitu vya maana: shamba, amani, meno. Lakini naitaka. Ni mfano wa plastiki wa boti ya torpedo ya wakati wa vita vya pili, yenye urefu wa kutoka kiwiko hadi nusu ya kiganja, na kwa miaka yote hii nimemwambia kila aliyeuliza kwamba haina maana yoyote kwangu. Nimeifanya kichekesho. Nimeisimulia kwenye vyumba vya walimu, kwenye harusi, na mara moja mbele ya mkuu wa chuo aliyekuwa akisubiri chakula, na kila mara watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Mtu anayecheka hakuulizi kama unakipenda kitu. Mwezi uliopita niliikana tena, safari hii ndani ya nyumba ilimojengwa. Mama Athumani, mwenye nyumba hiyo, alikuwa amefariki, tukakutana Meru kwa hitima, na baada ya dua na sahani za pilau mwanawe mkubwa, Athumani, akasimama sebuleni na kuanza kugawa vitu, maana nyumba inabomolewa na mahali pake patajengwa ghorofa. Nani achukue saa ya ukutani, nani achukue cherehani. Akafika kwenye kabati la vioo. "Na hii boti yenu, Mwalimu? Unaenda nayo Embu?" Watu wakanigeukia. Rukia, dada yake, ambaye ndiye niliyeijenga naye, alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, na yeye pia aliniangalia. Nikacheka. "Hiyo plastiki? Wapeni watoto wachezee." Rukia akainamisha uso na kuendelea kupangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. Nikarudi Embu nikijipongeza kwa kutojiaibisha mbele ya watu, na tangu siku hiyo sijatulia.

Kuhusu kwetu sitasema mengi. Nilizaliwa upande wa Gachoka, tulikuwa wengi, kulikuwa na mbuzi. Aliyewahi kusoma kumbukumbu za Mkenya yeyote wa rika langu anaweza kujazia mengine mwenyewe. Mwaka ninaoutaka ni ule niliokaa Meru mjini nikisubiri kuitwa chuo kikuu. Siku hizo ukimaliza kidato cha nne ulisubiri muda mrefu kiasi cha kusahau ulichosoma, na wale waliokuwa na alama za kuridhisha walichukuliwa kufundisha bila mafunzo yoyote. Nilipata kazi katika sekondari moja ya kutwa, nikapewa hisabati, somo nililokuwa nimelipita kwa kukariri, mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa na ndevu. Chumba nilikipata Majengo, uani kwa Mzee Salim, mtu wa malori. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na meza moja, kikinuka dizeli kidogo asubuhi na kitunguu kilichokaangwa jioni, kwa sababu kati yangu na jiko la mkewe, Mama Athumani, palikuwa na ukuta wa mabati tu. Kupitia ukuta huo nilijua bei ya nyanya, afya ya kila mgonjwa wa mtaa, na maoni ya Mama Athumani kuhusu sketi zangu. Wao walikuwa na Kimeru chao, mimi nilikuwa na Kimbeere changu, na tukakutana kwenye Kiswahili, ambacho mimi nilikizungumza kama mtu anayefanya mtihani na wao walikizungumza kama watu. Nilikuwa Mkristo peke yangu ua mzima. Jumapili nikichelewa kuamka, Mama Athumani aligonga mabati kwa mwiko: "Mwalimu! Watu wa kanisa wameshapita! Mungu wako anakungoja na chai yako inapoa!"

Sanduku lile lilikuja na Mzee Salim kutoka Mombasa. Kuna familia ya wageni iliyokuwa inahama nchi na kuuza vyombo vyake, naye alikuwa ameenda kutafuta meza ya kulia. Akarudi na meza, na juu ya meza sanduku la kadibodi lenye picha ya boti ya kijivu ikiruka juu ya mawimbi, pua hewani, torpedo zimejipanga pembeni kama sigara. Aliipenda picha ile. Aliamini kwamba boti yenyewe imo ndani, nzima, tayari kukaa kwenye kabati la vioo. Alilifungua sebuleni, mbele yetu sote, na kutoka ndani zikamwagika fremu za plastiki zilizobeba vipande vidogo vidogo, vingine vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno. Akainua fremu moja kwenye mwanga.

"Wameniuzia mifupa," alisema.

"Baba, hii ni ya kuunganisha," Rukia akamwambia. "Anayenunua ndiye anayeunganisha."

"Kuunganisha ni kazi ya kiwanda. Kesho wataniuzia lori kwenye gunia?"

"Irudishe basi," Mama Athumani akasema.

"Nimrudishie nani? Mwenyewe ameshapanda ndege." Akatutazama, mimi na Rukia, kama mtu aliyegundua ghafla kwamba ana vibarua wawili wanaokula bure. "Nyinyi wawili mnasubiri tu. Huyu anasubiri chuo, huyu anasubiri harusi. Iunganisheni. Lakini nisikilizeni vizuri: kwangu kazi ikianza, inaisha. Sitaki kitu nusu nusu juu ya meza yangu, na hakuna mtu atakayetoka hapa kuolewa akiacha kazi njiani."

Alisema hivyo kwa mzaha, ila Mzee Salim alikuwa na tabia ya kutii mizaha yake mwenyewe. Rukia alinizidi umri kidogo. Alishona sare za shule barazani, alikuwa ameposwa na Jamal, muuza vipuri wa Maua, na kila mtu alikubaliana kwamba Jamal ni kijana mwema, Rukia akiwa wa kwanza kukubali. Kabla ya boti tulikuwa tukisalimiana tu. Baada ya sanduku kufunguliwa, kila alasiri nikitoka shuleni nilimkuta amefunika mashine yake, ametandika gazeti kwenye meza ya chumbani kwangu, na kunitengea nduma mbili kwenye sahani. "Osha mikono," alikuwa akisema, kabla hata ya habari ya kazi. Mimi nilisoma maelekezo, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Meru aliyewahi kuhitaji, kwa hiyo kusoma kwenyewe kulikuwa kuangalia michoro na kusema kwa sauti ya elimu, "Kumi na nne inaingia kwenye kumi na tano." Yeye alikata, alisugua kwa msasa, alibandika. Vidole vyake vilizoea sindano. Vyangu vilizoea chaki, na siku ya kwanza niliketi juu ya mnara wa redio.

Gundi iliyokuja na sanduku ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Tulijaribu gundi ya kuziba panchari, na boti ikasimama kwa heshima mpaka Mama Athumani alipofunga mlango wa jikoni, ikafunguka katikati kama ganda la njugu. Aliyetuokoa ni Mwenda, fundi wa kupaka malori rangi na kuyaandika, aliyefanyia kazi zake palepale uani na aliyejiona msanii aliyecheleweshwa na mazingira. Alitupa tina yake ya kuzimulia rangi kwenye chupa ndogo. Tuligundua kwamba vipande vya fremu vikilowekwa humo huyeyuka vikawa kama uji mzito, na uji huo ukishika plastiki haiachii tena. Kabla ya kujua kipimo tulimwagia nahodha. Alikuwa mtu wa ukubwa wa pingili ya kidole kidogo, mwenye kofia. Alipokauka uso wake ulikuwa umeteremka mpaka kifuani. Mzee Salim alimchunguza kwa miwani yake.

"Huyu ana nini?"

"Ni nahodha, Baba."

"Amelewa. Mtoeni. Mlevi haendeshi chombo cha nyumba hii."

Kwa hiyo boti yetu ilikwenda vitani bila nahodha. Nyufa za ubavuni tuliziziba kwa ile fila ya kunyooshea mabodi ya malori yaliyogongwa, tukasugua mpaka Rukia akipitisha ukucha usikwame. Mzee alikuja kila baada ya swala ya alasiri kukagua. Alitaka kujua kipimo. Nilimweleza, nikifurahi kuulizwa kitu cha hisabati ninachokijua, kwamba ni moja kwa sabini na mbili: boti ya kweli ni ndefu mara sabini na mbili kuliko hii. "Na lori langu, kwa kipimo hicho?" Nikapiga hesabu nyuma ya gazeti. "Lingetosha kwenye kiganja chako." Akaweka kiganja chake kando ya boti, akatazama huku na huku. "Kwa hiyo hii ni malori matatu yamefuatana," akasema, na tangu siku hiyo alipunguza sauti akiwa karibu nayo. Mama Athumani alikuwa na maswali mengine. Aliuliza torpedo ni nini, nami nikamweleza kwa kadiri ya kitabu cha fizikia. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga. "Yaani hii ni ya kwenda kuzamisha boti nyingine, na watu wamo ndani? Na mmeianika sebuleni kwenye rafu moja na Kurani?" Tukaihamisha mara moja.

Wakati wa rangi ulipofika, picha ya sandukuni ilisema kijivu, na kijivu alichokuwa nacho Mwenda kilikuwa kimoja tu: ile rangi ya chini inayopakwa kwenye bodi ya lori baada ya fila, kabla ya rangi yenyewe. Tuliipaka kwa brashi ya nywele chache, tabaka la kwanza, tukangoja, tabaka la pili. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikitoka mikononi mwangu, na hapo nahesabu tasnifu na mtoto mmoja. Ilikuwa ileile boti ya kwenye picha. Nilienda mwenyewe kumwita Mzee Salim aje aione imekwisha.

Aliizunguka meza. "Imefika wapi?"

Nilifungua mdomo niseme imekwisha, na kisigino cha Rukia kikatua juu ya vidole vyangu vya mguu.

"Bado, Baba," Rukia akasema.

"Naona. Iko kwenye rangi ya chini." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Inabidi niseme kwamba uani kwa Mzee Salim hakukuwa na jambo la ajabu katika maneno yake. Lori la kijivu pale lilikuwa lori lililotoka kugongwa, limenyooshwa, limezibwa, linangoja rangi. Halikupakiwa mzigo wala halikutoka langoni, maana ni chombo kilicho nusu ya njia kati ya ajali na barabara. Kwamba kuna watu duniani wanaopaka kitu kijivu na kukiita kimekwisha, hilo halikumwingia, na mimi, kwa majivuno ya mtu anayesubiri chuo, nilitaka kumfuata nimweleze kuhusu bahari na ukungu na macho ya adui. "Mwache," Rukia alisema. "Lakini imekwisha." "Mwalimu. Mwache."

Siku chache baadaye nilikuwa kitandani nikisahihisha madaftari ukuta wa mabati uliponieleza sababu. Shangazi wa Jamal alikuwa amekuja kutoka Maua na alikuwa jikoni akinywa chai.

"Sisi huko tuko tayari," alikuwa akisema. "Tunangoja neno lenu tu."

"Hata sisi," Mama Athumani akajibu. "Ila baba yake amesema amalize kwanza kazi aliyoianza."

"Kazi gani?"

Kijiko kilizunguka kikombeni kwa muda. "Ni boti."

"Boti gani?"

"Wanajenga boti. Na Mwalimu."

"Hapa Meru?"

"Imefika kwenye rangi ya chini."

Nilijifunika mto usoni ili nicheke. Kesho yake nilimuuliza Rukia, kwa sauti ya mshauri ambaye hajawahi kuposwa, kama hamtaki Jamal. Alikuwa anafunga uzi wa cherehani kwenye vijiti vya pembeni ili uwe reli ya mabaharia kujishikilia. Alikuwa ameusugua uzi kwa mshumaa usitoe manyoya. "Nani amesema simtaki? Namtaka. Mwezi ujao nitamtaka, na mwezi wa baada ya huo. Maua haihami."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo. Nimeanza kuzoea tu."

Nilidhani anasema kuhusu boti.

Basi boti ikakaa kijivu, na sisi tukawa na kazi ya kutoimaliza. Tuliiongezea vitu ambavyo hakuna jeshi lililowahi kuviomba. Rukia alikishonea chumba cha usukani mapazia kutokana na mabaki ya sare ya kijani; nilikata bendera, nikakosa kuamua ni ya nchi gani, tukaiacha nyeupe, halafu Mzee akasema nyeupe ni ya kusalimu amri, tukaitoa. Mvua za Meru zilipoanza, mabati yalipiga kelele hata tukawa tunazungumza kwa kupiga mayowe, jambo ambalo lilifanya siri zetu zisisikike na mtu isipokuwa mtaa mzima. Alinifundisha kukunja chapati zikawa na tabaka. Nilimfundisha logarithimu, ambazo nilizielewa kwa mara ya kwanza nikimfundisha yeye, na nikawahurumia kwa kuchelewa wale wanafunzi wangu wenye ndevu. Nilienda likizo nyumbani nikarudi baada ya siku mbili nikisema kuna madaftari. Hakukuwa na madaftari. Mama Athumani alinitazama nikishusha mkoba, akaita kuelekea barazani, "Rukia, ongeza maji kwenye chai, Mwalimu wako amerudi." Nimefundisha watu wengi tangu hapo, na nimepewa vyeo kadhaa, vingine vyenye herufi kubwa. Sijapata kingine chenye sauti kama kile, mwalimu wa mtu mmoja.

Chuo kiliita mwishoni mwa mwaka huo. Majina yalitoka, langu likawamo, na Mzee Salim alinunua soda za ua mzima. Nilipewa wiki chache za kujiandaa. Alasiri iliyofuata nilimkuta Rukia hajatandika gazeti. Alikuwa amesimama kando ya boti.

"Mwite Mwenda," alisema. "Tuipake rangi."

"Ina rangi."

"Ipakwe rangi ya lori za Baba. Kijani, na mstari wa njano."

Nilidhani ni utani. Nilichukua sanduku nikamwonyesha picha, kana kwamba hajawahi kuiona. "Boti za vita ni za kijivu, Rukia."

"Nimeitazama hiyo picha mwaka mzima."

"Itaonekana kama lori!"

"Hapa ni kwa malori."

"Tutachekwa."

"Na nani? Wewe unaenda, Mwalimu. Anayebaki ndiye anayechagua rangi."

Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyepaza. Nilisema kwamba nilifikiri anaelewa kitu kizuri akikiona, nilisema kuhusu watu wasioweza kuacha kitu bila kukipaka njano, nikaenda kuketi kwenye ngazi ya msikiti wa jirani, mahali pabaya sana pa msichana wa kanisa kwenda kununa, na wazee waliokuwa wakiingia kuswali wakanipa salamu zote mmoja baada ya mwingine, nami nikalazimika kuzijibu. Niliporudi Mwenda alikuwa kazini. Aliipaka kijani ya mbele ya lori, kwa chini nyekundu, mstari wa njano mwembamba toka puani hadi mkiani, na lazima nikiri kwamba mkono wake haukutikisika. Kisha akasimama akauliza lile swali lililonipa chakula na vicheko kwa miaka mingi baadaye.

"Na uzito?"

"Uzito gani?" nikauliza, bado nimenuna.

"Mwalimu, gari ya biashara haiendi barabara bila kuandikwa. Jina ya mwenyewe, sanduku ya posta, na uzito yake ikiwa tupu. Traffic wakishika wewe, si mimi."

Rukia aliichukua boti ikiwa bado mbichi, akaishika kwa ncha za vidole, akatoka nayo hadi kwenye duka la mkabala na kuiweka kwenye mizani ya sukari. Akarudi. "Robo kilo." Na Mwenda, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, akaandika ubavuni kwa herufi nyeupe ndogo kuliko zote alizowahi kuandika maishani mwake, jina la Mzee Salim, Meru, na chini yake: UZITO IKIWA TUPU ROBO KILO. Akaongeza na kikomo cha mwendo, bila kuulizwa.

Mzee Salim alipoitwa aliizunguka meza mara moja tu. Alisoma jina lake. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Sasa imekwisha," alisema, na bila kupumua akamgeukia mkewe: "Waambie watu wa Maua walete tarehe." Mama Athumani alipiga kigelegele. Nilisimama palepale kati yao, nilisikia kila neno, na kwa akili iliyokuwa imechaguliwa na serikali kwenda chuo kikuu nikafikia uamuzi kwamba Rukia ana haraka ya kuolewa na hana ladha ya rangi.

Harusi yake ilinikuta kwenye mtihani. Baadaye tuliendelea kuonana kama watu wa mikoa hii wanavyoonana, kwenye harusi na mazishi, tukishikana mikono kwa muda mrefu na kuulizana watoto. Nilikuwa tayari ninaisimulia boti, na katika simulizi yangu kulikuwa na Mzee, Mwenda, mizani ya sukari na nahodha mlevi. Rukia alikuwamo kama mtu anayeshika brashi. Nilielewa siku moja hapa Embu, nikiwa nimeshaanza kuvaa miwani, nikisimamia mtihani na kutembea kati ya madawati kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Sikuwa nikifikiria Meru. Ikanijia tu, kwamba kile kijivu kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekilinda kwa kisigino chake mbele ya baba yake, mbele ya shangazi wa Maua, miezi yote ile, na ni yeye aliyekikomesha, na alikikomesha wiki niliyopata kuitwa, kwa sababu baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kusubiri pamoja. Nilisimama ghafla katikati ya ukumbi. Mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu, kijana wa watu, alidhani nimemkamata, akanipa mwenyewe kikaratasi alichokuwa amekificha kwenye soksi.

Hata hivyo sikumpigia. Ungemwambia nini mtu? Samahani, nimechelewa kuelewa rangi? Nikaendelea kusema haina maana kwangu, kwa kuwa ningesema ina maana ningelazimika kusema ni ipi, na mbaya zaidi ningelazimika kujua kama kwake pia ilikuwa nayo, au kama alikuwa msichana mwenye mkono mzuri aliyepitisha muda na mpangaji. Ndiyo maana siku ya hitima nilicheka. Na ndiyo maana asubuhi hii, nikiwa nimeshafuta sentensi ya kwanza ya sura hii mara za kutosha, nimechukua simu.

Aliipokea kukiwa na kelele za duka. Wana duka la vipuri pale Maua, yeye na Jamal, na mtu alikuwa akiulizia fani belti. Tulisalimiana kwa utaratibu wote. Goti langu, presha ya Jamal, mvua, watoto, mjukuu, mvua tena.

"Nimepiga kuhusu ile boti," nilisema hatimaye.

"Boti imefanya nini?"

"Siku ile nilisema wapewe watoto."

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Nilidanganya. Naitaka, Rukia. Sijui niseme vipi. Nimeitaka siku zote."

Nikamsikia akimwambia mtu wa fani belti angoje, kisha hatua, kisha mlango, kisha hakuna kelele tena.

"Umechelewa," alisema. "Haiko tena Meru. Ulipotoka tu pale mlangoni niliifunga kwenye leso nikaja nayo. Athumani akaniuliza watoto je, nikamwambia watoto nitawanunulia mpira."

"Alhamdulillahi," nikasema, neno ambalo kanisani kwetu halitumiki sana. "Basi nitakuja niichukue."

"Uichukue uipeleke wapi?"

"Si ndio nakwambia. Naitaka."

"Nami sikupi."

"Rukia."

"Sikupi, Wawira." Hakuwahi kuniita kwa jina, hata siku moja ya mwaka ule. "Hata ungesema unaitaka palepale mbele ya watu, nisingekupa. Ningevutana na wewe hapo kwenye mkeka, na marehemu mama yangu anisamehe. Unafikiri ni wewe tu?"

Nilitafuta kitu cha kuchekesha cha kusema. Huwa ninacho. Ni kazi yangu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Unalia?"

"Hapana."

"Mimi nalia," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei. "Na kuna mteja. Utakuja lini?"

Nikamwambia naweza Jumamosi.

"Jumamosi kuna watu wengi dukani, hatutaongea. Njoo Ijumaa, ulale."